Vigingi vya Mama Junior Vimeota Majani

Ni saa tatu asubuhi na tayari Mariette amekauka koo. Amesimama katikati ya uwanja wa nyasi fupi huko Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kamba ya nailoni ameizungusha begani, na anamfokea mbuzi.

"Wewe uko mu zahanati!" anamwambia. "Toka mu zahanati!"

Mbuzi anamtazama, anaendelea kutafuna. Zahanati yenyewe bado haipo. Kuna vigingi vinne tu ardhini, na mbuzi amefungwa kwenye kimojawapo, pale ambapo kwa mujibu wa ramani mgonjwa atakuwa amekalia benchi akisubiri zamu yake. Mwenye mbuzi hajulikani. Kila Mariette anapouliza ni mbuzi wa nani, Rubondo nzima inakuwa haina mbuzi.

Hapo pembeni, kwenye uwanja wa chekechea, mtu ameanika mihogo. Mbele kidogo, kanisa moja dogo limesimamisha nguzo zake mahali palipopangwa vyoo vya soko.

"Nilibaambia hapa ni choo," anasema Mariette, akimfungua mbuzi. "Pasta akaniambia Mungu njo alimuonyesha hii fasi. Nikamwambia, basi Mungu naye angekuja mu mkutano. Tulikuwa na mkutano mingi, hakukuja hata mu moja."

Mariette ana miaka arobaini na miwili. Alitoka Baraka, Kivu Kusini, akiwa na watoto, mume na cherehani, na hapa watu wanamwita Mama Junior kwa jina la mwanawe wa kwanza. Shirika linalojenga limempa cheo kirefu chenye maneno ya ujenzi na jamii ndani yake. Yeye anaiita kazi ya kamba.

Kazi yenyewe ni kuhakikisha kwamba kilichochorwa kwenye karatasi kule Mbarara kinaonekana ardhini huku Rubondo, na kwamba kesho yake bado kipo. Sehemu ya pili ndiyo pasua kichwa. Analipwa shilingi elfu kumi kwa siku anayofanya kazi, na siku ya mvua halipwi, ingawa siku ya mvua ndiyo watu huingia uwanjani kupanda viazi.

Kinachopangwa ni kitovu cha mtaa mpya wenye kaya zaidi ya mia nne, Warundi wengi na Wakongo, waliogawiwa viwanja kwenye mteremko huu na kuachwa wajitafutie pa kununua chumvi. Waganda wanaita senta. Wakimbizi wanaita santere.

Kwenye ramani inapendeza, asikwambie mtu. Soko liko katikati. Kulizunguka kuna safu za maduka, na nyuma ya kila duka chumba cha kulala, ili mwenye duka aamke, afungue mlango mmoja na awe kazini. Kuna mashine ya kusaga, zahanati, chekechea, mabomba ya maji, pa kusimama bodaboda, na nyumba moja ya sala ambayo madhehebu yote yataitumia kwa kupokezana. Hilo la kupokezana lilikula mikutano mitatu, na bado halijaisha.

Ukiutazama uwanja huo leo unaona vigingi, nyuzi, na mwanamke mmoja aliyechoka hadi kwenye unywele.

Vigingi vya kwanza vilikuwa vya mkaratusi, vikavu, vimechongwa vizuri, vikapigiliwa nyundo barabara. Havikumaliza wiki. Kuni Nakivale ni shida inayojulikana, na hakuna mama atakayepita mbele ya kipande cha mti mkavu, kirefu kama mkono, kimesimama peke yake, akakiacha pale kwa sababu ya ramani.

"Soko lote lilipika maharage," anasema Mariette. "Kona ya mashine ya kusaga nilisikia harufu yake mu jiko ya jirani. Nilijua ni yenyewe!"

Ndipo akapata wazo. Anakiri kwamba alijiona mjanja sana siku hiyo, hata alitembea akijichekea. Alichukua panga, akaenda kwenye ua wa zamani karibu na barabara, akakata matawi manene ya mnyaa.

Ukitaka kigingi kisichoibwa, usikitafute mbali. Mnyaa haupikiki, moshi wake unachoma macho. Utomvu wake mweupe ukikurukia jichoni utalia hadi jioni. Mbuzi haugusi. Mtoto akionywa mara moja, hauchezei tena. Mariette alipigilia minyaa uwanja mzima, mwishoni mwa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu kama sakafu. Hakuna kilichopotea hata kimoja.

Ujenzi ulikuwa uanze baada ya majuma mawili. Haukuanza. Karatasi fulani ilikuwa inasubiri karatasi nyingine, mtu fulani alikuwa likizo, na Mariette aliambiwa awe na subira. Subira akawa nayo. Kisha mvua za Septemba zikashuka, zikanyesha kama zilikuwa na deni na Rubondo, na asubuhi moja Mama Junior alipokwenda kukagua mistari yake alikuta vigingi vyake vyote vina vidole vya kijani.

"Nilishika kichwa," anasema. "Nikasema, eh, Mungu wangu! Soko inaota."

Vingi aliving'oa huku akitukana kwa lugha tatu. Lakini kuna safu moja ambayo mpaka leo hajaigusa, na safu hiyo ndiyo imemfanya akonde.

Iko upande wa barabara, mbele ya kiwanja cha Marcienne, mjane wa Kirundi kutoka Ruyigi, mama aliyevuka miaka sitini. Mariette aliipanda kuonyesha ukingo wa mbali wa njia ya kuingilia sokoni, ile ambayo malori ya bidhaa yatapitia. Kati ya nyumba ya Marcienne na safu hiyo ndiyo njia yenyewe.

Marcienne yeye aliona kitu kingine. Aliona amepandiwa mpaka. Mvua ilipoanza alijaza minyaa mingine katikati ya vigingi, ikashikana ikawa ua wa kufika gotini, na kwenye njia ya malori akapanda maharage. Maharage mazuri, wala hayana ugonjwa.

"Sikumnyang'anya mtu," anasema Marcienne, ameketi mlangoni mwake akipepeta mtama, sauti yake ya chini kabisa. "Mama Junior alikuja mwenyewe, na komite yake. Alinipandia mpaka mbele ya watu. Na pombe alikunywa."

Hapo kwenye pombe ndipo ilipo shida.

Siku ile ya vigingi, Marcienne aliwatolea wanakamati wa santere, waliofuatana na Mariette, kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye kikombe cha plastiki kilichopita mkono kwa mkono. Mariette ni Mprotestanti asiyegusa pombe. Lakini bibi mzima amekupa kikombe kwa mikono miwili, jua linawaka, wenzako wote wamekunywa, utakataa vipi? Alipiga funda moja, akashukuru, akaendelea kugonga nyundo.

Patrice, katekista wa Kirundi aliye mwanakamati, ndiye aliyekuja kumweleza miezi kadhaa baadaye alichokuwa amekifanya.

"Kwetu mpaka hauwekwi kwa karatasi," Patrice anasema. "Unawekwa kwa mti unaoishi, watu wamesimama, na pombe inanywewa hapo hapo. Aliyekunywa ni shahidi. Mti ukishika, imekwisha. Anayeung'oa, watu hawamsalimii tena."

"Na wewe ulikuwa pale!" Mariette anamrukia, na inaonekana si mara ya kwanza. "Ulikuwa pale, Patrice! Ulininyamazia juu ya nini?"

"Nilidhani unajua," anajibu Patrice bila haraka. "Mwanamke mzima, una kamba begani, unapanda mnyaa, unakunywa kasiksi. Mimi nikuulize kama unajua unachofanya?"

Mariette anakwenda kumfukuza mbuzi ambaye amesharudi.

Kwao Baraka, anaeleza baadaye, mpaka ni tofali au ukuta, na ukitaka kuuhamisha unakwenda kugombana ofisini. Maduka yanapanga mstari barabarani na watu wanalala nyuma yake, na hakuna anayeona ajabu. Kwa Warundi waliolelewa milimani, kila ukoo ndani ya ua wake, santere ni mahali pa kwenda na kurudi. Pana bia, pana kelele, pana vijana wasio na kazi. Mtu wa heshima halali pale. Kwa hiyo Marcienne alipopata ua kati yake na soko, alimshukuru Mungu na kulala vizuri.

Mariette angeweza kumwachia huo ua na kutafuta njia nyingine ya malori, na ugomvi ungekwisha. Ila njia nyingine iko moja tu, nayo inapita juu ya chumba cha Bonaventure.

Bonaventure ni mumewe. Alikuwa fundi cherehani, na Mariette hana haya kusema kwamba Baraka hakukuwa na mshonaji wa suti kama yeye. Miaka mitatu iliyopita, akichimba shimo la choo kwa kibarua, ukuta wa udongo ulimwangukia, ukamvunja nyonga. Alilazwa Mbarara, akarudi na magongo mawili.

Nyumba yao iko juu ya mteremko, nyuma ya kiwanja cha Marcienne. Si mbali. Lakini njia ni mawe matupu, na mtu wa magongo akishuka hapo asubuhi, kupanda jioni ni mateso. Wateja nao hawapandi mlima kwa ajili ya kifungo cha shati. Cherehani imefunikwa shuka pembeni ya kitanda, na Bonaventure hukaa mlangoni akitazama barabara iliyo chini.

Vyumba vya santere vilipogawiwa hadharani, vichache vilitengwa kwa watu wenye ulemavu, na cha pembeni, jirani na njia ya malori, kilimwangukia yeye. Duka mbele, kitanda nyuma, sakafu bapa, barabara mlangoni. Kwa mtu mwingine ni chumba. Kwa Bonaventure ni kazi, kwa sababu hana njia nyingine ya kuipata.

"Hii yote ninafanya, kelele yote, ni juu ya kile chumba," anasema Mariette. "Nisikudanganye. Soko ni ya batu bote, sawa. Lakini mimi ninaona kile chumba."

Jumatatu hiyo hiyo ya mbuzi, simu yake inalia. Ofisi ya shirika inamjulisha kwamba lori la mawe ya msingi litafika Alhamisi, pamoja na mhandisi. Njia ya kuingilia iwe wazi. Ikiwa bado ina mgogoro, mawe yatapelekwa kwenye eneo jingine la makazi ambalo nalo limesubiri muda mrefu.

Miezi yote hiyo walimwambia awe na subira. Sasa wanataka ndani ya siku tatu. Mariette anaitazama simu kana kwamba imemtemea mate.

Jumanne akadandia lori la ndizi hadi Mbarara, akashuka Ruharo, akaulizia ofisi. Mchoraji wa ramani ni Ezira, kijana wa Kinyankore mwenye shati safi na uso wa mtu anayelaumiwa na kila mtu. Alimkaribisha vizuri, akamletea kiti, akaikunjua ramani juu ya meza, akasikiliza habari za mnyaa na kasiksi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Banange," akasema. "Sasa nyabo, mimi nitafanya nini? Hii plani iko na muhuri. Mimi nilichora barabara, nyinyi mkapanda maua."

"Si maua. Ni mnyaa."

"Sawa, mnyaa. Lakini soko bila mlango ni soko ya nini?" Alichukua penseli. "Kama huyo mama hataki, njia rahisi iko hapa. Mimi nafuta tu haka kachumba ka kona, gari inapita, kazi imekwisha."

Penseli ilikuwa tayari imegusa karatasi. Mariette anasema aliweka mkono wake wote juu ya ramani, na hakuutoa.

"Hako kachumba kako na mutu ndani," akamwambia.

Ezira akauliza mtu gani. Akaambiwa. Akajikuna kichwa, akasema basi kamanda wa makazi atume watu wang'oe ule ua asubuhi moja, bibi azoee. Mariette anakubali kwamba wazo hilo lilimtamanisha. Kwa sekunde kadhaa aliona minyaa yote imelala chini na roho yake ikatulia. Kisha akamkumbuka Patrice na maneno yake kuhusu salamu. Warundi ndio wengi mtaani. Soko ambalo mlango wake umefunguliwa kwa kung'oa mpaka wa mjane, nani angeingia kununua hata nyanya?

Ilikuwa saa ya chakula. Ezira, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, alimchukua hadi Nyamityobora wakala katogo, maana ndiko anakokaa. Amepanga chumba nyuma ya duka la kutengeneza simu. Mbele redio zinapiga kelele kutwa, nyuma kuna kitanda chake, jiko la mkaa na viatu vyake vya kanisani.

"Wewe unalala hapa?" Mariette akamuuliza, akichungulia pazia.

"Nitalala wapi? Kazi iko karibu, bei iko chini."

"Na mutu akikuja na penseli?"

Ezira akatafuna polepole. Akasema, haya, nyabo, anampa hadi kesho jioni. Ampigie simu amwambie njia ni ipi. Zaidi ya hapo hawezi, kwa sababu yeye naye ana bosi, na bosi wake ana bosi.

Jumatano, Mariette alikwenda kwa Marcienne akiwa na Patrice na wale wanakamati wote waliokuwapo siku ya vigingi. Patrice ndiye aliyesisitiza wawe walewale. Mmoja alikuwa shambani, ikabidi aitwe. Mwingine alisema hawezi kuacha kesi ya kuku wake, akaitwa mara mbili. Ilipofika wakati wote wameketi, Mariette alikuwa ameshamaliza uvumilivu wa mwezi mzima.

Alimweleza Marcienne ukweli. Kwamba hakujua. Kwamba vile vilikuwa vigingi tu, vya kuzuia wezi wa kuni. Kwamba lori linakuja kesho.

Marcienne alianza kuzungumza akiwa ametazama mikono yake.

"Mwanangu, mimi nimekimbia nikaenda Tanzania. Nikarudi, nikakuta watu wengine kwenye shamba la baba yangu. Nikakimbia tena. Mahali pote nilipofika, mtu alikuja na karatasi akaniambia sogea. Nikasogea. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuja kwangu na watu wake akanipandia mti akasema mpaka wako ni hapa. Ni wewe tu. Sasa unaniambia ulikuwa unacheza?"

Mariette anasema hapo hasira yote ilimtoka, akabaki na aibu, na aibu ilikuwa mbaya kuliko hasira, maana hasira angalau unaweza kumpigia mtu kelele.

Patrice ndiye aliyekohoa. Akauliza kwa Kirundi, akajibiwa, akauliza tena. Kisha akamgeukia Mariette. Mpaka uliopandwa vile haung'olewi, akasema, lakini unaweza kuhama. Mwenyewe akikubali, anauhamisha kwa mikono yake, mbele ya mashahidi walewale, na unakwenda mahali pengine panapompa ardhi sawa na aliyoiacha. Swali ni unahamia wapi.

Watu wote wakageuza macho kuelekea juu, nyuma ya nyumba ya Marcienne, kwenye shamba la Mariette.

"Batu bote baliangalia shamba yangu," anasimulia. "Hata ule wa kuku!"

Ni kipande cha chini, chenye udongo mweusi, kisicho na mawe. Ndicho kinacholisha nyumba tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa; sehemu ya juu ni changarawe, haioti kitu cha maana. Mariette alikaa akipiga hesabu ya maharage, mihogo na midomo ya nyumbani kwake. Halafu akasimama, akasema haya, chukueni, na akaongeza maneno kwa Kibembe ambayo hakukubali kututafsiria.

Ungedhani yameisha. Marcienne akasema amekubali, ashukuriwe Mungu, ila wasubiri maharage yake ya njiani yakomae.

"Lori inakuja kesho!" Mariette akapiga kelele.

"Yebabawe, maharage hayajui lori," akajibu Marcienne.

Mwisho walikubaliana yachumwe mabichi. Kamati nzima iliinama njiani kuchuma maharage machanga ya mjane, mwenyekiti kwa katibu, na Patrice akachuma kwa kasi ndogo sana hivi kwamba Mariette alimnyang'anya kikapu. Walipomaliza, kasiksi ikatoka. Kikombe kilipita mkono kwa mkono hadi kikamfikia Mama Junior. Alikitazama vizuri safari hii. Alimuuliza Patrice kama kuna kitu kingine chochote anachopaswa kujua kabla hajanywa. Patrice akasema hakuna. Akamuuliza tena. Kisha akapiga funda lake.

Marcienne alijifunga kitenge usoni kukinga macho na utomvu, akang'oa mnyaa wake mmoja mmoja, na hakutaka kusaidiwa. Aliupanda upya kwenye udongo mweusi wa Mariette, jua likiwa bado liko juu. Mariette akampigia Ezira simu kumwambia njia iko wazi na penseli akaiweke mbali.

Alhamisi, lori halikuja.

Ijumaa pia halikuja. Ezira alipopigiwa alisema limeharibika springi, na kwamba hata yeye amechoka na hilo lori. Mbuzi walirudi zahanati. Mtu akaanika mtama kwenye njia ya malori, kwa kuwa sasa ilikuwa wazi na safi. Mariette alikaa juu ya jiwe mlangoni mwa soko lisilokuwepo na hakusema neno kutwa nzima, jambo lililowatia watu hofu kuliko kelele zake.

Lilifika Jumamosi, karibu na adhuhuri, likiwa limeelemea upande mmoja. Lilipita pale palipokuwa na maharage, likamwaga mawe, na watoto wa mtaa mzima wakashangilia vumbi.

Na sasa ni Jumatatu nyingine. Mafundi wanachimba msingi wa vyumba vya pembeni. Mariette ana kamba mkononi na vigingi vya chuma, ambavyo mhandisi amempa na ambavyo havioti. Mume wake ameshushwa mteremko juu ya baiskeli inayosukumwa na majirani wawili, polepole, magongo yamefungwa nyuma. Hajawahi kupaona hapa kwa karibu.

Bonaventure anashuka. Anasimama kwenye magongo yake mbele ya mtaro mwembamba ulio duka lake. Anatazama kamba, anatazama jua, anatazama pengo lililoachwa kwa ajili ya mlango.

"Nani aliweka mulango hapa?" anauliza.

Mafundi wanamtazama Mariette.

"Ni mimi," anasema Mariette.

"Ni mubaya. Mashine nitaiweka huku, si njo vile? Mwangaza itatokea mu mugongo yangu. Nitashona kivuli yangu mwenyewe. Mulango inatakiwa ikae kule, na dirisha hapa, mukono ya kushoto. Hauwezi kuweka uzi mu sindano na giza. Wewe ulikaa na fundi miaka yote hii, hauoni?"

Mafundi wameacha kuchimba. Mmoja anatafuta pa kujificha, kwa maana kila mtu hapa anajua Mama Junior amepitia nini kwa ajili ya mtaro huu. Shamba limekwenda. Sauti imekwenda. Na huyu bwana, dakika tano tangu ateremke kwenye baiskeli, anasema ni mbaya.

"Mungu wangu!" Mariette anaanza, mkono uko kiunoni. "Mungu wangu, huyu mutu..."

Hamalizi. Anageuka upande wa barabara na kukaa hivyo kidogo, ameshika ncha ya kitenge machoni.

"Tangu aanguke mu lile shimo," anatuambia, bila kugeuka, "kwake kila kitu iko sawa. Chakula haina chumvi, iko sawa. Mvua inaingia mu kitanda, iko sawa. Nimemuambia nimetoa shamba yetu, akasema iko sawa. Miaka mitatu! Mi nilikuwa ninachoka na ile iko sawa. Nilikuwa ninaomba Mungu, hata siku moja tu, anigombeze."

Anapangusa uso, anarudi kwenye mtaro, anashika kigingi cha mlango kwa mikono miwili na kuking'oa.

"Haya, Baba Junior," anamwambia kwa sauti ile ile ya kumfokea mbuzi. "Unataka mulango fasi gani? Sema yote leo, kesho sitaki kusikia."

Bonaventure ananyoosha gongo kuonyesha. Anamsogeza kidogo kushoto, kidogo tena, hapana, umepita, rudi. Kisha anauliza meza ya kukatia vitambaa wameipangia wapi, maana hawezi kukatia suti magotini.